Koleo la Mwalimu Sawat

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya pili ya Februari, kipande kilikuwa kinaelea. Nyama ikitiwa kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi, huzama. Hiki kilikaa juu kama ganda la kitunguu lililodondoka kwenye mchuzi, cheupe, kimejikunja, na nilipokigusa kwa ncha ya kibanio kilizunguka tu, hakikushuka.

Nilikitoa, nikakilaza kwenye karatasi, nikakipima. Milimita mbili kwa moja. Unene haukupimika. Kichupa kilikuwa na namba peke yake, bila jina la mgonjwa wala la daktari, kwa sababu ndivyo utafiti wetu ulivyotaka: nisome nyama, nisisome watu.

Nilikuwa daktari pekee wa maabara katika hospitali ya mkoa, upande wa mto Chi, na nilikuwa nimechoka. Sikuwa nimekosa usingizi. Usingizi nilikuwa nao. Lilikuwa limechoka jicho, ambalo limetazama kitu kilekile miaka kumi na tatu na linajua kwamba kesho litakitazama tena.

Swali la utafiti lilikuwa dogo. Seli za shingo ya kizazi zikionekana zimeanza kuharibika, daktari hulazimika kuchukua nyama yenyewe ili ajue uharibifu umefika wapi, kabla haujawa saratani. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni koleo dogo: unapaka siki, unatazama kwa kioo cha kukuzia, na pale panapogeuka peupe unapadonoa. Ya pili ni kitanzi cha waya chenye umeme, ambacho huondoa duara zima la ngozi kwa mara moja. Koleo huacha kidonda kisichozidi punje ya mchele. Kitanzi huacha pengo, na mwanamke mwenye pengo akishika mimba, mlango wa kizazi unaweza kufunguka kabla ya wakati wake. Tulitaka kujua kama koleo peke yake husema kweli. Wanawake walidonolewa kwanza, wakakatwa kwa kitanzi wiki chache baadaye, nami nikalinganisha nyama mbili za mtu mmoja.

Kulikuwa na msamaha mmoja. Asiye na mtoto, koleo likionyesha mabadiliko hafifu, hakukatwa. Aliambiwa asubiri miezi sita. Msamaha huo aliupigania Mwalimu Sawat, mkuu wa idara ya wanawake, na ndiye aliyeuanzisha utafiti wenyewe.

Alinifundisha nikiwa mwanafunzi. Katika ujana wake kitanzi kilikuwa hakijafika kwetu, na dawa ilikuwa kisu: walikata pande zima la shingo, umbo la pia ya kuchezea. Baadhi ya wanawake wale walirudi baadaye na mimba za miezi mitano zikitoka bila uchungu wala onyo. Aliwahi kunitajia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunakula, na hakunipa idadi. Alinipa majina, mmoja baada ya mwingine, kisha akaendelea kumega wali wake wa kunata.

Huyo ndiye wanawake wa wilaya tatu walimwita Mkono wa Pamba. Siku ya kliniki yake mabenchi yalijaa kabla jua halijapanda, na chini ya mabenchi kulikuwa na mafenesi, samaki wakavu, vikapu vya wali. Aliyelala kwenye kitanda chake alizoea kuuliza, "Umeshamaliza, daktari? Mbona sijasikia kitu?" Alilipenda swali hilo. Nilimsikia akilirudia kwa wageni kutoka wizarani.

Daktari wa pili kliniki hapo alikuwa Mintra, kijana wa Bangkok, ana haraka, hana maneno. Yeye walimwita Kaa. Wagonjwa walichungulia mlangoni kwanza. "Leo yuko nani? Kaa? Jamani, mie nina homa, nitarudi Alhamisi."

Kipande kilichoelea nilikipitisha kwenye nta, kikakatwa, kikatiwa rangi, nikakiweka chini ya hadubini. Niliona utepe wa ngozi ya juu, uliobanduka kutoka kwenye kitu ambacho hakikuwepo. Ngozi ile husomwa kutoka chini kwenda juu. Uharibifu huanzia kwenye msingi, na ukali wake hupimwa kwa jinsi ulivyopanda. Hapa msingi ulikuwa umebaki kwa mwenyewe. Niliandika: mabadiliko hafifu katika kinachoonekana, nyama ya chini haipo, hakitoshi kutolea uamuzi.

Sentensi hiyo ya mwisho nilikuwa nimeiandika mara nyingi tangu Agosti. Kliniki ilisoma maneno mawili ya kwanza.

Wiki hiyohiyo, mwanamke mmoja alikuja kwenye dirisha la maabara. Wagonjwa hawafiki huko. Korido ina harufu ya dawa na haina mabenchi. Alikuwa na miaka thelathini hivi, amevaa sare ya kituo cha kulelea watoto, na nyuma yake alisimama mwanamke mzee aliyejifunga kitambaa cha miraba kichwani. Aliunganisha viganja, akainama.

"Samahani kukusumbua, daktari. Naitwa Lamduan. Kipimo cha kwanza kilisema seli zimeharibika sana. Cha pili kikasema kidogo. Nimeambiwa nisubiri miezi sita. Nilitaka kuuliza tu: nasubiri kwa sababu niko mzima, au kwa sababu hamjui?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na daktari yeyote.

"Mwenye haraka ni mimi, usimlaumu yeye," mzee alidakia. "Mimi mama mkwe. Mwanangu yuko kiwandani Taiwani, mwaka wa tatu huu. Anakuja Mwaka Mpya wa maji, Aprili, likizo ya mwezi mmoja. Hata jogoo ukimpa mwezi anajua la kufanya."

"Mama!"

"Nini? Huyu daktari. Unadhani hajui watoto wanatoka wapi?"

Niliomba kadi. Namba niliitambua.

"Nani alikutoa kipande hiki?"

"Mwalimu Sawat mwenyewe. Nilibahatika." Lamduan alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Dada wa mbele yangu alimpata yule Kaa, akatoka anatembea kama bata. Mimi hata sikusikia."

Nilimwambia ukweli uliokuwepo: kwamba hatujui, na kwamba nitampa jibu kabla ya wiki kwisha. Alinishukuru mara mbili.

Walipoondoka nilitoa masanduku ya vioo. Kwa miezi nilikuwa nimeona kwamba vipande vya koleo vilikuja vya aina mbili. Vingine viliuma hadi chini, vina ngozi na nyama yake, kingo zimechanika ovyo. Vingine vilikuwa maganda, safi, karibu vizuri kutazama. Nilijua ni mikono miwili. Sikujua upi ni wa nani, na nilikuwa nimejizuia kukisia. Sasa nilijua. Nikatenga visa ambavyo koleo lilisema mabadiliko hafifu na kitanzi kikasema makali. Karibu vyote vilikuwa maganda. Koleo halikuwa limekosea. Halikuwa limeuma.

Kwetu mgonjwa hulala kimya ili asimsumbue daktari, na daktari mpole huchukua kidogo ili asimsumbue mgonjwa. Msaidizi huona, akanyamaza ili asimvunjie mkubwa heshima. Hakuna katika hao aliyekosa adabu. Katikati ya adabu zao ugonjwa hukaa raha mustarehe.

Nilimwita Mwalimu Sawat maabara, nikamwambia nataka ushauri kuhusu mafunzo ya madaktari wapya. Hadubini yangu ilikuwa na vichwa viwili, watu wawili waone kitu kimoja. Namba za vioo nilikuwa nimezifunika kwa utepe. Nikaweka cha kwanza.

"Kizuri," alisema. "Hiki kina mwanzo na mwisho."

Cha pili.

"Kizuri pia. Amemuumiza, lakini kizuri."

Cha tatu kilikuwa cha Lamduan. Alikitembeza mwenyewe, kushoto, kulia, akatafuta msingi kama mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu.

"Nani kakata hiki?"

Niliongeza mwanga wa hadubini.

"Huku si kuchukua nyama, Nuan. Huku ni kumpangusa mtu. Mwambie arudie. Alimwogopa mgonjwa huyu."

"Na kama mgonjwa ameshaambiwa asubiri miezi sita?"

"Nani kamwambia asubiri kwa kipande kama hiki?"

Aliinua uso. Sijui ni nini kilichomwambia. Alinyoosha mkono, akatoa kioo kwenye hadubini, akabandua utepe kwa ukucha, polepole, na kuisoma namba. Feni ilizunguka. Kwenye chumba cha pili mashine ya kukatia nta ilikuwa ikifanya kazi, kisha ikasimama.

"Umenitega," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ungeniambia tu."

"Niliandika. Tangu mwezi wa nane."

"Sikuwa nasoma mpaka huko chini." Alikirudisha kioo kwenye trei, akakilinganisha na vingine ingawa vilikuwa vimekaa sawa. "Wanasema hawasikii kitu. Miaka yote hii wananiambia hivyo, na mimi nafurahi kama mtoto."

Nilisubiri akasirike. Ingekuwa rahisi zaidi. Badala yake aliuliza jina la mwenye kioo, nikampa. Akauliza kama ana mtoto.

"Bado."

"Nikimkata kitanzi, halafu ikaonekana hakukuwa na kitu? Nitakuwa nimemtoboa bure."

"Na kama kipo, usimkate, mume aje Aprili na ashike mimba? Tutakuja kukigundua baada ya mwaka, kikiwa kimevuka mstari, saratani tayari."

Hayo ndiyo yalikuwa mezani, na wote wawili tuliyaona sawasawa. Kukata bila kujua kungeweza kumgharimu mtoto. Kutokata bila kujua kungeweza kumgharimu yeye. Kilichokosekana kilikuwa kipande kimoja cha nyama chenye ukubwa wa punje ya mchele.

"Basi tumdonoe tena kwanza," alisema. "Vizuri. Mdomo wa juu wa shingo ya kizazi, na wa chini."

"Mpe Mintra."

"Hapana."

Alhamisi nilikwenda kliniki na vichupa vyangu mwenyewe, jambo ambalo madaktari wa maabara hawafanyi. Lamduan alikuwa ameshalala, nguo ya sarong aliyojifunga imefunika magoti. Mintra alisimama kando ya taa. Mwalimu Sawat alipaka siki, akatazama kwa muda mrefu. Kutoka nilipokuwa nilimsikia akipumua.

"Leo itauma, mwanangu."

"Hapana, daktari. Wewe huumizi."

"Leo naumiza. Kohoa."

Alikohoa, na koleo likafunga. Sauti iliyotoka haikuwa kubwa sana, lakini nje kwenye mabenchi mazungumzo yote yalikatika. Kisha mama mkwe, upande wa pili wa mlango, akasema kwa sauti ya sokoni: "Eh! Kumbe Kaa kahamia huku!" Benchi zima lilicheka. Mintra aligeuza uso ukutani, mabega yakamtetemeka.

"Samahani, daktari," Lamduan alisema. Machozi yalikuwa yakimtelemkia masikioni. "Nimekupigia kelele."

"Piga. Bado kimoja. Kohoa tena."

Cha pili alikitoa kwenye mdomo wa chini, nyuma, ambako lazima uinamishe mkono na uukaze, na ambako, kwa vioo nilivyokuwa navyo, hakuwa amegusa kwa muda mrefu. Alinikabidhi koleo bila kunitazama. Nilivitia vipande kwenye vichupa viwili. Vyote vilizama.

Majibu yalikuwa hivi. Mdomo wa juu: mabadiliko hafifu. Mdomo wa chini: mabadiliko makali, kuanzia kwenye msingi hadi juu kabisa, mstari wa chini haujavukwa. Koleo la kwanza halikusema uongo. Lilisimulia chumba ambacho hakikuwa kinaungua.

Nilimwita Lamduan nikamweleza. Kitanzi kifanyike Machi. Mpaka kidonda kipone, mume asimguse. Na asishike mimba kabla kipimo cha baada ya miezi sita hakijaonyesha kwamba pamebaki safi.

Mama mkwe alihesabu kwa vidole. "Yaani mwanangu apande ndege kutoka Taiwani, aje akae kumtazama mkewe kama sanamu ya hekaluni?"

"Atanitazama, mama," Lamduan alisema. "Miaka mitatu tunatazamana kwenye simu. Tumeshazoea." Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo lile swali langu, jibu lake ni kwamba hamkuwa mnajua."

"Ndiyo."

"Sasa mnajua."

"Sasa tunajua."

Aliitika kwa kichwa, akafunga vifungo vya sare yake. Alikuwa na zamu mchana. Watoto walikuwa wanamsubiri.

Siku moja kabla ya kukata, Mwalimu Sawat alikuja maabara na kuketi kwenye kiti cha msaidizi wangu. Aliuliza aende kina gani. Tulitazama vioo vya wanawake wengine, tukapima jinsi uharibifu unavyozama kwenye vitundu vya ute, wapi huishia. Nilimwambia milimita saba. Akisita, iwe saba. Akiwa na hakika, iwe saba vilevile. Alicheka kidogo kwa pua. Alionekana mzee, na nadhani nami nilionekana hivyo.

Duara la nyama lililetwa kesho yake likiwa limefungwa uzi upande wa saa sita ili nijue mwelekeo. Nilipaka wino kwenye kingo, nikalipasua kama keki, nikatia vipande vyote kwenye nta. Kina kilikuwa milimita saba. Mabadiliko makali yalikuwepo, upande wa chini, na yaliisha kabla ya kufika kwenye wino, si kwa nafasi kubwa. Mkono ule uliokuwa ukichukua pungufu kwa ajili ya kujua ulikuwa umechukua kiasi kilekile kilichohitajika kwa ajili ya kuponya, na angekuwa daktari mwingine, mwenye kutaka usalama wake, angekata mara mbili ya hapo. Niliandika: kingo ni safi. Hayo mengine hayakuwa sehemu ya majibu.

Utafiti uliisha mwaka uliofuata. Katika ripoti niliomba vipande vyenye nyama ya chini vitenganishwe na visivyo nayo, na matokeo ya kila mkono yaonyeshwe peke yake. Mwalimu Sawat, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye ripoti, alikubali bila kubadilisha neno. Koleo, tuliandika, linaaminika likichukua zaidi ya kipande kimoja na kila kipande kikifika chini. Ilikuwa sentensi moja, imetugharimu miaka mitatu. Msamaha wa wasio na watoto ulibaki, ukaongezewa sharti hilo.

Madaktari wapya aliwafundisha hivyo mpaka alipostaafu. Mgonjwa akiuliza kama umeshamaliza, aliwaambia, kitazame kichupa kabla hujajibu. Benchi la Alhamisi lilipungua watu. Mafenesi pia. Nilisikia wanawake wakiambiana kwenye korido kwamba Mkono wa Pamba amezeeka, mkono umekuwa mzito, afadhali hata Kaa maana yeye ana haraka.

Kipimo cha Lamduan cha miezi sita kilikuwa safi. Kilichofuata pia. Mume alirejea Taiwani bila kumshika, akamaliza mkataba, na Mwaka Mpya wa maji uliofuata akarudi moja kwa moja. Mimba ilionekana Juni. Shingo ya kizazi ilipimwa kila mara alipohudhuria kliniki. Ilikuwa fupi, ikabaki palepale ilipokuwa.

Uchungu ulianza Desemba, wiki ya thelathini na sita. Mintra alikuwa zamu. Alinipigia simu asubuhi kwamba mtoto amezaliwa mapema kidogo, na kwa utaratibu wetu wa waliowahi kukatwa kitanzi, kondo la nyuma atalituma maabara nilitazame. Nilitayarisha ndoo na formalini, nikafungua namba.

Mpaka mchana halikufika. Nilipiga.

"Limekwenda," Mintra alisema.

"Limekwenda wapi?"

"Na mama mkwe. Nimemwambia tunalihitaji kwa uchunguzi. Kasema kondo ni la nyumba, halitiwi kwenye ndoo, na kama hospitali imeishiwa nyama ichinje ng'ombe. Alikuja na chungu chake kabisa, dada. Sasa hivi wameshalifukia chini ya ngazi."

"Na mtoto?"

"Wa kike. Kilo mbili na nusu kasoro kidogo. Ananyonya."

Niliirudisha formalini kwenye pipa. Kwenye nafasi ya sampuli niliandika: haikupokelewa.